Je, ushauri wa bure kwa wakulima unalijenga duka la pembejeo au unalimaliza?

Mwenye duka, Ilula

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaendesha duka dogo la pembejeo kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, na wateja wangu karibu wote ni wakulima wa nyanya wenye nusu eka hadi eka mbili. Anayevuna vizuri hurudi kwangu msimu unaofuata. Anayeambulia hasara hupotea, ama kwa kukosa mtaji, ama kwa kuona haya kupita mbele ya duka ambalo bado linamdai. Kwa sababu hiyo nimejizoeza kuwauliza wateja maswali kabla ya kuwauzia chochote, na pengine huwaambia kwamba dawa waliyoifuata haitawafaa. Jirani yangu, kwa upande wake, anauza kila anachoombwa bila kuuliza neno, na dukani kwake wateja hawakatiki. Naomba kusikia kutoka kwa wenye maduka, wataalamu na wakulima wenyewe: ni msaada upi hasa unaomfanya mteja afanikiwe, na upi ni kupoteza muda?

Bwana shamba mstaafu

Ndugu yangu, endelea kuuliza maswali. Chukua mfano wa mkulima anayeingia dukani akilalamika kwamba nyanya zake zinanyauka ghafla hali majani yangali ya kijani, naye anataka dawa ya ukungu. Mwambie akuletee mche mzima. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, tumbukiza ncha yake katika glasi ya maji safi na ukishikilie kwa dakika chache. Ukiona ute mweupe ukichuruzika kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna chupa katika rafu zako itakayouponya. Kinachobaki ni kung'oa miche iliyougua na kuitoa shambani, kuzuia maji yanayopita hapo yasielekee kwenye miche mizima, na msimu ujao kupanda mahindi badala ya nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo, kwa kuwa mazao hayo manne hushambuliwa na bakteria huyohuyo.

La pili ni kantangaze, mdudu ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, na ambaye tangu aingie nchini mwaka 2014 amewafilisi wengi. Wakulima husema wanabadilisha dawa, lakini wanachobadilisha ni jina la kibiashara. Mtu anatoka kwenye abamektini na kwenda kwenye emamektini akidhani amembadilishia mdudu silaha, ilhali dawa za wadudu hupangwa katika makundi yenye namba kwa jinsi zinavyoua, na hizo mbili zote zimo katika kundi la 6 na zinamuua kwa njia ileile, kwa hiyo wadudu waliozoea ya kwanza wana nafasi kubwa ya kuivumilia ya pili. Namba ya kundi huandikwa kwenye lebo za viuatilifu vingi. Panga rafu zako kwa namba hizo badala ya kuzipanga kwa makampuni, ili mteja aliyetumia kundi la 6 kwa kizazi kimoja cha wadudu, yaani kama mwezi mmoja, umpeleke kwenye kundi la 28 au la 5 kwa kizazi kinachofuata. Kazi hiyo unaifanya mara moja, na baada ya hapo rafu yenyewe inamshauri mteja hata siku ambayo dukani yupo kijana wako peke yake.

Usisahau kumtajia siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Hili wauzaji wengi hulipuuza kwa kuwa anayeumia ni mlaji wa mbali.

Agroveti wa Kirinyaga

Nakuunga mkono kutoka Kenya, ambako huku Mwea pia nyanya ndizo zinazotulisha. Mimi naweka daftari lenye jina la mteja, ukubwa wa shamba, aina ya mbegu na tarehe ya kuhamisha miche kutoka kitaluni. Kwa tarehe hiyo pekee najua ni lini atahitaji mbolea ya kukuzia na lini nimkumbushe kukagua mitego ya wadudu, nami humpigia simu kabla hajaja. Ushauri wa namna hiyo unauza, tena bila kumlaghai mtu.

Kuna msaada mmoja ambao nakusihi uukatae, hata mteja akuombe kwa upole kiasi gani: usimpimie dawa kutoka chupa kubwa ukamtilia katika chupa ya soda. Licha ya kuwa ni kinyume cha sheria, chupa hiyo haina lebo, na nyumbani kuna watoto. Agiza vifungashio vidogo, hata kama faida yake ni nyembamba.

Mkulima, Ruaha Mbuyuni

Nasoma haya yote na kuona mnazungumza juu ya wadudu tu. Mwaka ninaopata hasara kubwa mara nyingi shamba langu huwa limestawi; kinachoniangusha ni tenga kukosa mnunuzi kwa kuwa kila mtu amevuna wiki ileile. Ninyi wenye maduka mnajua jambo ambalo sisi hatulijui: mnaona mbegu zinavyotoka. Pakiti za mbegu zikiisha dukani ndani ya siku chache, soko la miezi minne ijayo mmekwisha kuliona. Mbona hamtuambii? Neno moja tu, kwamba safari hii wengi wamechukua nyanya, lingenifanya nihamishie nusu ya eneo kwenye vitunguu au nichelewe kidogo kuotesha.

Mfanyabiashara wa Njombe

Mimi nitasema machache kuhusu mikopo, kwa kuwa wengi huiita msaada. Kumkopesha mkulima pembejeo zote hadi mavuno ni kumfanya auze kwa bei yoyote atakayopewa siku ya kwanza ili akulipe wewe. Mbegu alipe taslimu, mbolea ya kukuzia umkopeshe baada ya kuliona shamba kwa macho yako. Asiyekubali utaratibu huo mwache aende kwa jirani.

Mwenye duka, Ilula

Nawashukuru nyote. Suala la namba za makundi nitalianza wiki hii, na kwa kweli hoja ya mbegu sikuwa nimeitazama kwa jicho hilo. Ninaweza kubandika ukutani kiasi cha mbegu za kila zao kilichotoka kila wiki bila kutaja mnunuzi. Shida ni kwamba duka langu ni moja kati ya mengi, na takwimu zake peke yake zaweza kumpotosha mkulima. Je, kuna mahali ambapo wenye maduka wa kata moja wamekubaliana kuziweka pamoja, na walimshawishi vipi yule ambaye hupenda kuficha mauzo yake?