Jean-Louis Barrault kwa dakika 10: nianzie wapi?

Kijana wa Pazia: Habari za jioni wakuu. Nasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili. Ijumaa nasimama mbele ya darasa kumweleza Jean-Louis Barrault, mwigizaji wa Ufaransa, kwa dakika 10. Nina kurasa nne: kazaliwa 1910 Le Vésinet, jirani na Paris, kafariki Januari 1994, katikati tarehe tupu. Jana nilimsomea dada yangu, akasinzia kabla vita havijaanza. Na kila ninayemtajia igizo bubu anasema "aa, yule wa uso mweupe anayesukuma ukuta usioonekana". Huyo ni Marcel Marceau jamani! Nishaurini, matusi wekeni pembeni.

Shangazi Machela: Mdogo wangu, anza na kitanda. Tarehe 8 Septemba 1931, siku anatimiza miaka 21, alipanda jukwaani mara ya kwanza kwa mwongozaji Charles Dullin, ukumbi wa Atelier huko Paris, kwenye tamthilia ya *Volpone*. Kijisehemu cha mtumishi tu. Hela ya chumba hana, basi usiku mmoja akajibanza ukumbini, wenzake walipoondoka akalala kwenye kitanda cha Volpone, mhusika mkuu, palepale jukwaani. Wanachuo wanaodaiwa kodi watakusikiliza.

Mzee wa Galari: Kitanda sawa, ila waonyeshe mwili. Hapo Atelier alikutana na Étienne Decroux, mtu aliyeshika igizo bubu kama dini. Wakashinda wakitafuta namna ya kutembea bila kuondoka ulipo: mguu mmoja unateleza nyuma taratibu, goti la pili linapanda kama linaanza hatua, kifua kinabaki mahali pake. Mwaka 1935 Barrault akatoa igizo lake ambamo yeye mmoja alikuwa farasi na mpanda farasi. Miguu inarusha mateke, kiuno kwenda juu ni mtu anayemtuliza. Antonin Artaud, mwandishi na mtu wa jukwaa, alilisifia sana.

Kijana wa Pazia: Mzee, nimejaribu sebuleni nikapiga teke meza ya chai. Naendelea.

Binti Sinema: Mbona hamtaji filamu ya *Les Enfants du paradis* ya 1945? Barrault ndiye Baptiste, mwigizaji bubu. Mwanamke kasingiziwa wizi wa saa, polisi anataka shahidi, Baptiste aliyekaa juu ya jukwaa la mtaani anaigiza wizi wote bila neno: tumbo la tajiri, mkono wa mwizi, saa inavyochomoka. Mwanamke anaachiwa. Na anayecheza baba yake ni Decroux yuleyule!

Msema Kweli: Mnamfanya bubu, na hakuwa bubu. Mwaka 1943, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, aliongoza *Le Soulier de satin*, tamthilia ya Paul Claudel, pale ukumbi wa Comédie-Française, maneno kwa masaa! 1946 yeye na mkewe Madeleine Renaud wakaanzisha kampuni yao ya maigizo, na Marceau kijana akapata nafasi humo, akacheza Arlequin, yule mhusika mchekeshaji. Kwake ukimya ulikuwa kifaa kimoja kati ya vingi. Mwalimu akikuuliza swali, litakuwa hilo.

Shangazi Machela: Msema Kweli leo umeamka vizuri. Ongeza Mei 1968: wanafunzi wanauteka ukumbi wa Odéon anaouongoza, yeye anazungumza nao badala ya kupigana nao, waziri wa utamaduni Malraux anamfukuza kazi. Mwaka huo anatimiza miaka 58. Desemba ya mwaka huohuo akaweka igizo la *Rabelais* kwenye ukumbi wa mieleka, Élysée-Montmartre. Mimi wangenifukuza hivyo ningelala mwezi mzima.

Kijana wa Pazia: Asanteni. Naanza nimelala, nasimama kuigiza wizi wa saa, halafu ndipo nafungua mdomo kwa Claudel. Farasi namwacha, goti limevimba. Kitanda ni mabenchi mawili ya kantini, mama mwenye kantini kakubali ila anayataka kabla ya saa nne, chapati zikianza kutoka.