Kutoka tinti za gari kwenda madirisha ya nyumba na ofisi

Habarini wanajamvi,

Mtu mwenye mkono mzuri wa tinti za gari anahitaji kujifunza nini kabla ya kuchukua kazi za madirisha ya nyumba na ofisi? Na roli za tinti ya gari zilizobaki, zinaweza kumalizikia huko?

—

Re: Kutoka tinti za gari kwenda madirisha

Mkuu, nianze na hilo la mwisho: usithubutu. Vioo vya pembeni vya gari kwa kawaida vimekazwa kwa moto kiwandani, vinahimili tofauti ya joto ya nyuzi 200 hivi kati ya katikati na ukingo. Kioo cha kawaida cha nyumba hakivuki sana nyuzi 40. Tinti nyeusi ya gari inanyonya jua. Katikati ya kioo panachemka na kutanuka, ukingo uliojificha ndani ya fremu unabaki baridi, unavutwa mpaka unapasuka. Ufa wa joto unajulikana: unaanza ukingoni, unatoka kwa pembe mraba na ukingo kama umepigwa rula, ndipo unapinda kuelekea katikati, na hakuna alama ya kugongwa. Mteja akikuonyesha huo, maelezo hayasaidii. Unalipa kioo.

Kwa hiyo kabla ya kupima kitu chochote, soma kioo. Tafuta mhuri kwenye kona. Kioo kilichokazwa mara nyingi kinao. Kama dirisha ni la vioo viwili vyenye nafasi katikati, washa kiberiti cha gesi karibu na kioo na utazame kwa pembeni: utaona miali minne ya moto ikiakisiwa, mmoja kwa kila uso. Mwali mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, kioo kimepakwa tabaka la kuakisi joto, na aina za filamu (yaani tinti ya kubandika) unazoweza kuweka zinapungua sana. Kioo chenye waya ndani kiogope kuliko vyote. Angalia pia kama kivuli cha ukuta au mti kinakata dirisha nusu, kama pazia zito limekaribia kioo, kama kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja pale, na kama ukingo una mmeguko. Halafu fungua jedwali la mtengenezaji wa filamu linaloonyesha ipi inafaa kioo kipi. Lisipokubali, kuna filamu za kubandikwa nje, ila maisha yake ni mafupi kuliko za ndani.

—

Re: Re: Kutoka tinti za gari kwenda madirisha

Ndugu hapo juu amemaliza la msingi. Naongeza la mikono.

Mashine ya kupuliza joto iache kwenye boksi. Kioo ni bapa, hakuna cha kukunja. Shida yako mpya ni ukubwa, na vumbi la ndani ya nyumba: nyuzi za zulia na manyoya ya paka. Zima feni, funga kiyoyozi, lowanisha fremu yenyewe kabla ya kumenya karatasi ya nyuma.

Maji: lita moja kwa nusu kijiko cha chai cha shampuu ya watoto isiyo na losheni. Sabuni ikizidi, filamu inateleza hadi kesho na kingo zinainuka. Ikipungua, gundi inashika kabla hujaiweka sawa na unapata mikunjo isiyotoka. Maji ya bomba yenye chumvi nyingi yanaacha madoa chini ya filamu, tumia yaliyochujwa.

Kukwangua kioo kwa wembe ni kawaida, lakini kioo kilichokazwa wakati mwingine kina chembe ngumu zilizoyeyukia juu yake. Jaribu kwanza kwenye kona, kioo kikiwa chepechepe. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, acha wembe, tumia pedi nyeupe laini.

Kata filamu ikiwa na ziada ya sentimita 2 kila upande. Bandika, nyunyiza uso wa juu, kamua mstari mmoja mlalo juu ili ishike, kisha toka katikati kwenda pembeni. Ndipo ukate ukingo, ukiacha milimita 1 hadi 2 kati ya filamu na raba ya fremu. Wa magari wanaiona nafasi hiyo kama uzembe, kumbe ndiyo njia ya maji kutoka. Filamu ikipanda juu ya raba au silikoni, haishiki na ndani ya wiki imejikunja. Vunja ncha ya wembe kila dirisha. Butu hukata kwa kurarua.

—

Re: Re: Re: Kutoka tinti za gari kwenda madirisha

Shukrani. Je, bei inahesabiwaje? Na mteja anayetaka asionekane usiku?

—

Re: Re: Re: Re: Kutoka tinti za gari kwenda madirisha

Hesabu filamu inayotoka kwenye roli, usihesabu kioo. Dirisha la sentimita 80 kwa 200 ni mita 1.6 za mraba. Ukilikata kwenye roli ya upana wa sentimita 152, unavuta sentimita 204, yaani mita 3.1 za mraba zimetoka. Roli ya upana wa 91 inakula mita 1.86 za mraba tu. Anayenukuu bei kwa kuangalia kioo peke yake huwa anamfadhili mteja bila kujua.

Usiku, filamu ya kioo-kioo inageuka: upande wenye mwanga ndio unaoonekana. Taa zikiwaka ndani, wa nje anaona kila kitu. Mwambie kabla hajalipa. Dawa yake ni pazia, au filamu ya ukungu kama hahitaji kuona nje.

Andika pia kwenye ankara muda wa kukauka: filamu nyembamba hadi siku 30, ya usalama ya mikroni 200 inaweza kuvuka miezi miwili au mitatu. Ukungu na vifuko vidogo vya maji katika kipindi hicho ni kawaida, mteja asivitoboe kwa sindano. Na kama mteja ni mpangaji, omba ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi, maana dhamana ya vioo vya madirisha inaweza kufutika kwa sababu ya filamu.