Walimu wa Kiingereza, mnawanyima watoto maksi kwa majibu sahihi!

Wakuu nimekasirika kwelikweli, na walimu mliomo humu naomba mnijibu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, juzi karudi na pepa ya Kiingereza, swali la kurekebisha sentensi ambazo maneno yamekaa sipo, X nyekundu kila mahali.

Sentensi ya kwanza: "The man sold a chair to the woman with three legs." Ilivyo hapo miguu mitatu ni ya mama wa watu! Dogo akaandika "The man sold the woman a chair with three legs", miguu imerudi kwenye kiti, safi kabisa. X. Eti mwongozo wa kusahihishia unasema "a chair with three legs to the woman", basi, jibu lingine halipo duniani.

Iliyonipandisha presha ni hii: "Walking to the market, the rain began to fall." Yaani mvua ndo inaenda sokoni. Jibu la mwalimu: "The rain began to fall walking to the market." Jamani si bado mvua inatembea?? Hiyo huiponyi kwa kuhamisha maneno, anayetembea hayumo humo ndani, lazima umlete: "As we were walking to the market, the rain began to fall." Dogo kaandika hivyohivyo, kanyimwa maksi eti kaongeza maneno!

Na hakuna aliyewaeleza kwanini. Kwetu ukisema "alimuuzia mama kiti chenye miguu mitatu" hiyo "chenye" imeshamaliza ubishi, ungemtaka mama ungesema "mwenye", sasa mtoto aliyekulia kwenye ngeli atajuaje kwamba Kiingereza kinaangalia neno limekaa jirani na nani? "She almost failed every subject" huyo kaponea chupuchupu, "She failed almost every subject" huyo kafeli, ni neno moja tu limehama. Muda wa kuandika hilo ubaoni unakosekana kweli? Na huyu mtoto baiolojia, jiografia, historia, zote anajibu kwa Kiingereza!

Nimemfuata mwalimu kanijibu "mwongozo ndo huo". Sasa walimu niambieni, hiyo miongozo mnaikagua kabla ya kusahihisha au mnaprinti tu? Na maksi za dogo nizidai kwa mwalimu wa taaluma au niende kwa mkuu wa shule moja kwa moja?