Alama zimeshuka tangu apate marafiki wapya: nimpige marufuku?

Mzazi_wa_Wawili: Wakuu, kijana ana miaka 13. Hesabu imetoka 71 hadi 54 ndani ya muhula mmoja, muhula uleule alioanza kuandamana na kundi jipya. Nataka kumkataza. Nakosea?

Chaki_Nyeupe: Anza na daftari, mkuu. Tafuta tarehe ambayo alama nyekundu za makosa zilianza kujaa, kisha ulinganishe na tarehe kundi lilipoanza. Mara nyingi daftari hutangulia: anayeachwa nyuma darasani hujitenga na wanaofaulu, akatafuta wasiomfanya ajione mjinga. Mwaka 1978 Denise Kandel, aliyechunguza vijana wa sekondari Marekani, alionyesha kuwa marafiki hufanana kwa njia mbili, kuchaguana na kuambukizana. Wazazi wengi huiona hiyo ya pili tu.

Tazama na aina ya makosa. Akiandika 3/4 + 1/2 = 4/6, hiyo ni mada ya sehemu haijaeleweka; hakuna rafiki aliyemfundisha hivyo.

Kalamu_Butu: Ila msiwasafishe marafiki haraka. Masomo yote yakishuka pamoja, na kazi za nyumbani zikabaki nusu, basi muda unaliwa mahali. Andika kwa siku 14: karudi saa ngapi, kafungua daftari saa ngapi, kalala saa ngapi.

Nukta_Tatu: Marufuku hayavunji urafiki, yanauficha. Håkan Stattin na Margaret Kerr, katika utafiti wao Sweden uliochapishwa mwaka 2000, walikuta kwamba mengi wazazi wanayoyajua kuhusu watoto wao hutokana na mtoto kusimulia kwa hiari, kuliko kufuatiliwa. Ukikataza, umejizibia masikio.

Halafu mzazi hupima rafiki kwa nguo na kelele. Yule mpole anayesalimia vizuri anaweza kuwa ndiye anayempa mwanao majibu ya kunakili kila asubuhi! Muulize mwalimu: wakipewa kazi ya kikundi, nani anaandika na nani anatazama?

Mzazi_wa_Wawili: Akijua nimepekua daftari lake je?

Chaki_Nyeupe: Usipekue. Kaa naye dakika 20, mwambie akufundishe swali moja alilokosa. Pale atakapokwama ndipo pa kuanzia. Majina ya marafiki usiyataje siku hiyo.