Wageni wa ofisi Jumamosi hapa Moshi: mtori wa sokoni, mbuzi choma au bufe ya hoteli?

Kambare_Mkavu
Habari za asubuhi wadau. Jumamosi tuna wageni wa ofisi wanakuja Moshi, na bosi kanitupia mimi suala la chakula cha mchana, eti kwa sababu mimi ni mwenyeji. Hawajawahi kufika Kilimanjaro na wamesema wazi wanataka chakula cha huku, siyo chipsi kuku. Nimebaki na sehemu tatu: mama lishe mmoja pale soko la Mbuyuni anayepika mtori na machalari (vyakula vya Kichaga vya ndizi na nyama), baa moja ya mbuzi choma njia ya Rau, na bufe ya hoteli Shanty Town. Kesho natakiwa kutoa advansi. Nipeni uzoefu wenu.

Mangi_wa_Uru
Mkuu, hilo swali lako halijibiki. Wako wangapi? Mna shilingi ngapi? Wanafika saa ngapi? Wanakula kitimoto, yaani nguruwe? Wengine hapa wataanza kukuelekeza kwa shangazi zao kabla hujasema kitu.

Dada_Pasua
Mtori. Lakini sikiliza, mtori wa mama lishe ni chakula cha asubuhi. Watu wanaunywa wakienda kazini, saa tano sufuria inasuguliwa. Ukimpelekea wageni saa saba atakuongezea maji kwenye mabaki na utaaibika. Nenda ukaongee naye akupikie sufuria ya peke yake, ndizi ziwe mshare, na nyama ya mbavu kanunue mwenyewe buchani. Ukimwachia yeye anunue utakunywa mtori wa mifupa.

Kijana_wa_Ngarenaro
Kama wanatua KIA wakifika barabara kuu wakate kushoto waje Arusha, mambo yaishe. Nyama ipo Kwa Mrombo, na wakilala, jioni unawapeleka Khans mtaa wa msikiti: mchana gereji, jioni majiko ya kuku yanawaka hapo hapo nje. Moshi mna nini zaidi ya mlima, na wenyewe unajificha mawinguni?

Mangi_wa_Uru
Nilijua utakuja. Mleta mada kasema Moshi. Fungua uzi wako.

Kambare_Mkavu
Samahani wakuu. Tutakuwa 16 pamoja na dereva. Bajeti ni 350,000 na humo humo soda na maji. Wanatua KIA saa tano, saa tisa wana kikao hapa mjini. Kitimoto sijauliza.

Supu_ya_Kwanza
Kwa hela hiyo hoteli futa, utaishia kuwanunulia supu ya uyoga. Wape kitimoto rosti na ndizi za kuchoma, kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha. Agiza kilo nane tu, utapata na chenji ya soda. Ukitaka kumfahamu mtu wa Moshi kaa naye kwenye kitimoto. Mimi nina sehemu yangu Majengo, jamaa anakata vipande mbele yako, anapima mbele yako, hakuna cha kuzungushana. Wageni wangu wote huwa naanzia hapo na hakuna aliyewahi kulalamika.

Bint_Majengo
Hakuna aliyelalamika kwa sababu hukuwauliza, kaka yangu. Kambare, waulize wageni wako leo hii kabla ya hiyo advansi. Na usije ukasema "Waislamu watakula kuku hapo hapo". Tatizo siyo sahani. Tatizo ni jiko, kisu na gogo la kukatia. Baa nyingi mbuzi na kitimoto vinalala kwenye wavu mmoja. Nyama yenyewe wala siyo shida, ya machinjioni kwa kawaida anachinja Muislamu. Jiko ndilo la kukagua.

Supu_ya_Kwanza
Dada, wanageuza kwa koleo tofauti.

Bint_Majengo
Koleo tofauti, mafuta yanadondokea mkaa mmoja. Acha tu.

Kambare_Mkavu
Nimeuliza. Watano ni Waislamu. Na kuna mmoja hali nyama kabisa, maziwa anakunywa. Kwa hiyo kitimoto imekufa. Naelekea kwenye mbuzi choma, au hata ndafu kama watakubali bei.

Mzee_wa_Kiboriloni
Kijana, usilipe ndafu kwa simu. Tulikuwa na kikao cha ukoo, mashemeji wametoka Mwanza, nikajitia kuwaonyesha mbuzi mzima wa Kichaga. Baa sitaitaja, mwenye nayo tunasali kanisa moja. Nikamtumia nusu ya hela Jumatano, akanijibu "usijali Meku, saa saba mnakula".

Tumefika saa saba kasoro. Jiko baridi, hata moshi hakuna. Namuuliza kijana wa jikoni, ananiambia mbuzi yuko njiani. Nikadhani anakuja kwenye sinia. Saa nane kasorobo ikaingia bodaboda, mbuzi amepakatwa na abiria, mzima kabisa, anatuangalia! Wakamchinja nyuma ya choo, watoto wote wamekimbilia huko kutazama. Wakawasha moto mkubwa ili waharakishe. Mnajua ndafu haiharakishwi, ile ni ya moto wa taratibu huku inageuzwa. Saa kumi na moja ikaja mezani, imefungwa majani mdomoni vizuri kama ya harusi, nje nyeusi, lakini kisu kilipoingia pajani ikatoka damu. Shemeji mkubwa alikuwa ameshakula chipsi mayai kwenye kibanda cha jirani na anachokonoa meno. Na bili ilipokuja kulikuwa na mstari umeandikwa "kuchinja".

Kwa hiyo Ijumaa jioni panda mwenyewe, mwone mbuzi, na umjue atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa. Kama hakuna mtu huyo, hakuna ndafu.

Kijana_wa_Ngarenaro
😂😂 Mbuzi kaja na bodaboda! Arusha hayo hayatokei.

Mangi_wa_Uru
Arusha yanatokea, ila mnaona ni kawaida.

Chuma_cha_Boma
Wote mmesahau ratiba. Ndege ya saa tano, mizigo, mpaka mtoke uwanjani ni saa sita na kitu. Kikao saa tisa mjini. Ndafu ya nini? Simameni Boma Ng'ombe, ipo njiani, mbuzi anachomwa kuanzia asubuhi, mnachagua paja linaloning'inia, nusu saa mnakula. Wageni wenye njaa ya ndege hawataki historia ya ukoo.

Mpare_Halisi
Asiyekula nyama apikiwe makande. Mahindi yaliyokobolewa, maharage, nazi kidogo. Huo ndio mchango wangu.

Dada_Pasua
Haya, Wapare wamefika na makande yao. Mtani, mgeni kasafiri kwa ndege unampa chakula cha bweni? Mwambie mama akupikie kiburu, ni ndizi na maharage, nyama haimo. Ndicho cha huku hasa. Na kama anakunywa maziwa, mtindi wa kwenye kibuyu pembeni.

Mpare_Halisi
Kiburu ni makande yaliyokosa mahindi. Na nani alikwambia ng'ande yenu ni kitu gani? Mahindi na maharage hayo hayo.

Bint_Majengo
Kambare, kuna nafasi ya nne hujaiweka. Pilau ya ng'ombe, wapishi wako mitaa ya soko la kati, na mchele ukimwambia atafute wa Mabogini utanishukuru. Watu wote 16 wanakula sufuria moja bila mtu kutengwa meza. Huyo mmoja anawekewa wali mweupe na mchicha.

Mangi_wa_Uru
Pilau wataikuta hata Dar. Watu wametaka cha huku.

Perege_wa_Bwawani
Samaki je? Perege wa Nyumba ya Mungu wanaingia mjini kila siku, hana dini wala utata.

Mangi_wa_Uru
Watu 16 wachambue miba wakiwa na tai, halafu saa tisa waingie kikaoni?

Kambare_Mkavu
Nimepita Mbuyuni mchana huu. Mama anasema anaweza kupika mtori, machalari na kiburu kwa ajili yetu peke yetu, jiko lake halijawahi kuingia kitimoto. Shida ana viti tisa. Na mtori wake anaweka karoti.

Dada_Pasua
KAROTI?

Mzee_wa_Kiboriloni
Mtori ni wa mzazi. Mama akijifungua anapewa ndizi, nyama na siagi arudishe nguvu. Karoti imeletwa na hoteli.

Supu_ya_Kwanza
Mke wangu anaweka viazi pia ili uwe mzito, na sijafa.

Dada_Pasua
Viazi ni vya mtu aliyeishiwa ndizi. Ukiweka viazi hiyo ni supu, iite supu. Mshare ukipondwa vizuri kwa mwiko unakuwa laini wenyewe.

Supu_ya_Kwanza
Nenda kamwambie mke wangu, namba nakutumia.

Chuma_cha_Boma
Viti tisa watu 16, jua la saa saba Mbuyuni, makuli wanapita na magunia. Mimi nimesema Boma.

Bint_Majengo
Chakula si kinabebeka? Hotpoti mbili tatu, mkale kule kwenye kikao. Kahawa wakanywe baadaye Union Café ya KNCU, ushirika wa tangu 1933, hapo unawapa na hadithi ya kahawa bila wewe kujua kupika.

Kambare_Mkavu
Ukumbi wa kikao hawaruhusu chakula cha nje, nimeshawahi kuulizia. Ngoja nimpigie yule wa njia ya Rau nijue jiko lake likoje.

Mzee_wa_Kiboriloni
Usipige simu. Nenda.

Kijana_wa_Ngarenaro
Kushoto, mkuu. Mkitoka KIA, kushoto.

Mpare_Halisi
Mwenye mashine nzuri ya kukoboa mahindi ya makande hapa Moshi mjini ni nani? Yule wa Soweto siku hizi anayavunja.