Kikundi: WAJUKUU WA KIBOSHO

Jumapili

Shangazi Vero 18:02: Jamani, Jojo analazwa kesho, tonsili zinakatwa Jumanne. Tuko 27 humu, waliochanga ni WAWILI.

Shangazi Vero 18:40: Tiki za bluu naziona.

Anko Deo 18:52: Mimi naleta mkungu wa ndizi, apikiwe mtori 😂

Neema nesi 18:55: Aliyekatwa tonsili hapewi mtori wa moto anko.

Anko Deo 18:55: Basi nakula mimi.

Neema nesi 19:01: Mama Jojo, daktari wa usingizi aliwauliza kama kuna ndugu aliyewahi kupatwa na shida kwenye usingizi?

Mama Jojo 20:15: Aliuliza. Nilisema hakuna. Mimi nilijifungua kwa kisu, sikupata neno.

Shangazi Vero 20:16: Noah ya Deo inaondoka saa 12 asubuhi KAMILI.

Neema nesi 20:18: Shangazi subiri. Mama Jojo, wewe ulichomwa ganzi ya mgongoni, ile haina neno. Halafu si damu ya Babu. Na Alfonsi je?

Anko Deo 20:31: Ya Alfonsi tusiyafukue usiku huu.

Mama Theresia 20:33: Alfonsi si mlisema nimemroga mimi? Tangu 1987 hakuna aliyeniletea hata jani la sale la kuomba msamaha.

*Mama Theresia ametoka kwenye kikundi*

Shangazi Vero 20:34: Mmeona sasa!!

Neema nesi 20:47: Kuna ugonjwa wa kurithi. Mtu ana afya kabisa, ila akivuta gesi ya usingizi kama haloteni, au akichomwa saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, misuli inakaza, mwili unawaka, mkojo unakuwa kama kola. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni nusu kwa nusu. Walioutambua ni madaktari wa Australia, 1960. Kijana kavunjika mguu, lakini anachoogopa ni usingizi, kwa sababu ndugu zake 10 walifia humo.

Anko Deo 20:49: Kumi! Na wao walisema jirani kawaroga?

Kelvin 21:20: Naandika maneno ya Babu, yuko hapa pembeni: "Alfonsi alianguka kwenye mparachichi, mkono tu. Daktari alitoka akaniambia taya limekaza, halifunguki. Nilipomshika alishakata roho, na bado alikuwa wa moto kama jiwe la figani. Bibi yenu akasema karogwa. Mimi nikanyamaza. Jojo asilazwe usingizi mpaka daktari ayasikie haya kwangu mwenyewe."

Shangazi Vero 21:58: Sawa Babu. Siti ya mbele ni yako.

Baba Jojo 23:50: Ndiyo natoka kazini. Nafasi hii tumeingoja miezi mitatu. Wakiahirisha?

Neema nesi 23:56: Si lazima. Wanaweza kumlaza kwa dawa nyingine za mshipani, bila gesi wala saksamethoniamu. Ila waulize kama dantrolini ipo, ndiyo ya kuuzima. Kichupa ni miligramu 20, kinayeyushwa kwa maji mililita 60. Jojo wa kilo 20 anaanza na viwili na nusu. Hospitali nyingi hazina.

Baba Jojo 23:58: Na isipokuwepo?

Jumatatu

Kelvin 05:31: Babu anauliza nani ana namba ya Mama Theresia.

Shangazi Vero 06:09: DEO UKO WAPI. Babu yuko getini na koti tangu saa 11.

Anko Deo 06:22: Natafuta mafuta. Kuna aliyechanga?