VA au bima ya kazini? Nataka kupunguza makato

Fundi_Jenereta
Habari za jioni wadau. Niliingia jeshi la Marekani 2013 kwa ule mpango wa MAVNI wa kuchukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili ndicho kilichonifungulia mlango. Nikatoka 2017 kwa heshima, miezi tisa kati ya hiyo nikiwa Bagram, Afghanistan. VA, idara ya Marekani inayowatibu waliotumikia jeshi, sijawahi kujiandikisha, uvivu tu. Sasa kazini wananikata dola 610 kila mwezi kwa bima ya familia: mimi, mama watoto na watoto wawili. Jamaa mmoja kanisani kaniambia niitupilie mbali, VA ni bure. Ni kweli?

Sajini_Mstaafu
Karibu afande. Kuhusu kustahili usiwe na wasiwasi: walioingia baada ya Septemba 1980 wanatakiwa miezi 24 mfululizo, na wewe umeipita mbali. Pili wanaangalia uliondokaje, na hapo pia uko sawa.

Neno "bure" ndilo linalowapoteza watu. VA ina makundi manane ya kipaumbele, la 1 hadi la 8. Kundi la 1 ni wenye asilimia 50 na kuendelea za ulemavu uliotokana na utumishi. Hao hawalipi kitu, si kumwona daktari, si dawa. Ukiwa huna asilimia yoyote na mshahara ni mzuri, unaangukia chini huko 7 au 8: dola 15 kwa daktari wa kawaida, 50 kwa bingwa, na dawa dola 5 hadi 11 kwa kila dozi ya siku 30. Dawa zina kikomo, ukishafika dola 700 kwa mwaka hulipi tena.

Wewe ulikuwa Bagram, kwa hiyo miaka kumi tangu utoke jeshini unawekwa angalau kundi la 6. Matibabu yanayohusiana na kule ni bure, mengine unachangia. Jaza fomu 10-10EZ ya kujiandikisha wiki hii, usingoje 2027.

NesiWaColumbus
Mbona hakuna aliyemuuliza mke wake anatibiwa wapi? Kaka, VA ni yako wewe mwenyewe. Mkeo na watoto hawamo. Ukiitupa bima ya kazini leo, mtoto akishikwa na homa usiku unampeleka kwa bili ya mfukoni.

Kuna CHAMPVA kwa familia, lakini mpaka wewe uwe na ulemavu wa asilimia 100 wa kudumu. Na TRICARE, bima ya jeshi, kwa waliotoka jeshini kwa kawaida ni ya waliotumikia miaka 20 wakastaafu, wewe ulifanya minne. Watu huchanganya hivi vitu vitatu kila siku hapa.

Ushauri wangu: kwanza waulize kazini, ukijiondoa wewe peke yako ukawaacha mke na watoto, makato yanashuka? Kwingine yanashuka, kwingine mfanyakazi lazima awemo ndipo familia iingie. Na ukibaki na vyote viwili si hasara. VA huidai bima yako kwa magonjwa yasiyo ya jeshi, na ikilipa, ule mchango wako unaweza kufutika.

Kijana_Reserve
Na mimi wa jeshi la akiba niliyefanya mazoezi ya wikendi tu, sikuwahi kuitwa, je?

Sajini_Mstaafu
Mazoezi peke yake hayatoshi, mdogo wangu. Isipokuwa uliumia mazoezini ikakubaliwa kwenye madai.

Mzee_wa_Lowell
Vijana, mimi niko upande wa pili wa mlima. Nilipofika 65 nilijiambia VA inanitosha, sina haja ya Medicare Part B, ile sehemu ya bima ya serikali ya wazee inayolipia madaktari. Miaka mitatu baadaye VA ikanihamishia daktari mbali, nikaitaka. Adhabu ni asilimia 10 ya ada kwa kila mwaka uliochelewa, na hailipwi mara moja, inakufuata kila mwezi. Kwa upande wa dawa, Part D, VA inahesabika na huadhibiwi. Kwa Part B haihesabiki. Sijui aliyetunga hivyo alikuwa anawaza nini.

TrukaWaDallas
Naongeza moja iliyonichoma. Nilibanwa kifua nikiwa safarini, ambulansi ikanipeleka hospitali ya kawaida. Nikalala siku nne. Hakuna aliyewaarifu VA, na mimi nilikuwa na mipira puani, ningearifu vipi? Inatakiwa wajulishwe ndani ya saa 72. Bili ilinizungusha karibu mwaka. Sasa mke wangu ameibandika namba ya kuwajulisha kwenye friji, chini ya ratiba ya shule.

Narudi_Nyali
Wanaowaza kurudi nyumbani: huku Mombasa kuna utaratibu wa VA kwa walio nje ya Marekani, ila unalipia yale tu yaliyokubaliwa kuwa yametokana na jeshi. Goti langu limo, sukari haimo. Mara nyingi nalipa hospitali kwanza, kisha natuma risiti na maelezo ya daktari. Risiti ya kuandikwa kwa mkono bila jina la ugonjwa hurudishwa.

Fundi_Jenereta
Asanteni sana. Dada nesi, umeniamsha. Nimeipata DD-214, hati yangu ya kutoka jeshini, ilikuwa ndani ya bahasha ya cheti cha ndoa. Swali dogo: masikio yangu huvuma usiku tangu nilipokuwa nalala karibu na majenereta. Hilo linahesabika, au nitaonekana ninalia lia?

Sajini_Mstaafu
Afande! Masikio kuvuma kukikubaliwa ni asilimia 10. Ukipata hiyo unapanda kundi la 3, zile dola 15 na 50 zinaondoka, unabaki na kuchangia dawa zisizohusu masikio. Tena unalipwa, kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi. Na kwa kuwa ulikuwa Bagram kwenye ule moshi wa mashimo ya kuchomea taka, waambie wakupime pia kwa PACT Act, sheria ya waliovuta moshi na sumu jeshini, mapafu na pua. Andika kazi uliyofanya, umbali wa kitanda na jenereta, na mlilala hapo miezi mingapi.

Fundi_Jenereta
Hatua kama kumi na mbili. Na jenereta zilikuwa mbili, zikipokezana.

NesiWaColumbus
Hiyo iandike vivyo hivyo. Na bima usiiguse mpaka barua ya VA ifike.